X inapopotea chini ya bika: usiyadharau maji

Msimu wa mitihani ya vitendo ukikaribia, wanafunzi wangu wa kidato cha nne huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, haya maji ni ya nini? Si tupime tu thiosalfeti kidogo kidogo?"

Jaribio lenyewe mnalijua: tunapima jinsi ukolezi wa thiosalfeti, yaani wingi wake katika ujazo fulani wa myeyusho, unavyobadili kasi ya mmenyuko. Unachora X kwenye karatasi nyeupe, unaweka bika (chombo cha kioo cha maabara) juu yake na kumimina myeyusho wa sodiamu thiosalfeti. Asidi haidrokloriki inaingia mwisho, na hapohapo unabonyeza saa. Salfa inaanza kujitenga, myeyusho unakuwa mweupe kama tui, kisha unaelekea umanjano, mpaka X haionekani tena.

Sasa, thiosalfeti iliyo kwenye chupa ina ukolezi mmoja. Ukichota mililita 10 badala ya 50, umepunguza ujazo tu; ukolezi unashuka pale unapoongeza maji. Ndiyo maana tunapima 50 bila maji, 40 na maji 10, 30 na maji 20, hadi 10 na maji 40, kisha kila mara asidi mililita 10. Jumla ni 60 daima, kwa hiyo ukolezi wa asidi haubadiliki, na kina cha myeyusho ndani ya bika hakibadiliki pia. Hicho kina wengi hawakifikirii kabisa. X hupotea salfa inapofikia kiasi fulani cha kuziba macho. Kina kikibadilika, na kiasi hicho kinabadilika, na hapo muda ulioupima haulinganishiki tena na mwingine. Tumia bika ileile, au zinazofanana kwa upana.

Kwa kuwa salfa inayoificha X ni ileile kila mara, kasi unaipata kwa kugawa 1 kwa muda (1/t). Kama thiosalfeti mililita 40 ilichukua sekunde 30, mililita 20 itachukua kama sekunde 60. Chora 1/t dhidi ya ukolezi, upate mstari karibu mnyoofu. Grafu ya muda wenyewe ni mchirizo uliopinda, tafadhali msiilazimishe kwa rula.

Kwenye maelezo, andika kwamba chembe zikiwa nyingi katika ujazo uleule hugongana mara nyingi zaidi kwa sekunde. Usiandike kwamba zimepata nishati zaidi. Hiyo ni kazi ya joto, na ukichanganya hayo mawili msahihishaji hakuhurumii. Joto lenyewe lichunge: bika isikae karibu na moto wala juani.

Anayeitazama X awe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana macho hayalingani. Ukishasoma muda, mwaga na osha mara moja, kwani salfa ikikaukia kwenye kioo inasumbua. Jaribio hili hutoa pia gesi ya salfa dioksidi, inayokereketa koo. Fungueni madirisha, na mwenye pumu apewe kushika saa, mbali na bika.