Kabla hujanunua ekolaiza ya gari, chungulia mgongo wa redio

Mteja akikuambia muziki wa gari lake umepoa na anataka ekolaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha besi na sauti kali), usikimbilie dukani. Chomoa redio kwanza, uangalie nyuma. Unatafuta matundu ya RCA ya kutolea sauti, yale ya duara yenye rangi nyekundu na nyeupe. Yakiwepo, umepona. Redio nyingi zilizokuja na gari za mtumba kutoka Japani hazina; utakuta soketi ya nyaya tu. Hapo utahitaji ekolaiza inayokubali kupokea sauti kutoka kwenye nyaya za spika, na si zote zinakubali. Muulize muuzaji kabla ya kutoa hela.

Swali la pili: amplifaya, ile inayosukuma spika, ipo? Ekolaiza hupanga sauti tu, haisukumi spika. Kama gari halina amplifaya, mshauri mteja aanzie huko, au afungue ekolaiza iliyomo ndani ya redio yake. Redio nyingi za kisasa zinayo, ila wenye magari hawajawahi kuigusa. Utakosa mauzo ya leo, sawa, lakini huyo mtu atarudi.

Bendi ngapi, yaani sehemu ngapi za sauti unazoweza kupandisha au kushusha kila moja peke yake? Vijana hupenda ya bendi 31 kwa sababu inapendeza kwenye deshibodi. Kuipanga kwa sikio ni mateso. Kwa kazi ya kawaida bendi 7 zinatosha, kuanzia hezi 50 za besi hadi 16,000 za twita, ile spika ndogo ya sauti kali (hezi zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba zaidi).

Na kupanga kwenyewe, shusha kabla ya kupandisha. Mlango ukitetema na besi ikawa ya kuvimba, vuta chini kidogo ile ya hezi 125. Sauti ya mwimbaji ikichoma masikio, gusa ile iliyo karibu na hezi 2,000. Wengi hufanya kinyume, wanapandisha kila kitu mpaka juu, halafu wanashangaa twita kuungua. Kupandisha bendi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu kunadai nguvu mara mbili kwenye sehemu hiyo. Desibeli 10 ni mara kumi. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 kwenye boksi kwa kawaida haifikishi hata nusu yake ikifanya kazi mfululizo, kwa hiyo hizo mara kumi hazina pa kutoka. Sauti itapasuka.

Nyaya za RCA zipitishe upande mmoja wa gari, waya mkubwa wa umeme upande mwingine. Ethi ya ekolaiza, yaani waya wake wa hasi, ifunge kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi, si kwenye skrubu ya plastiki ya deshibodi (nimeyaona hayo).

Kabla ya kumkabidhi mteja funguo, washa injini, punguza muziki mpaka chini, kisha kanyaga mafuta. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na injini, rudia ethi kwanza kabla ya kulaumu ekolaiza.