Jibu: Kafungiwa mmoja, mwengine kaachiwa

Ndugu yangu wa Chake, umeuliza kama ni haki msimamizi wa seva ya mchezo wa mtandaoni akufungie usicheze siku 7 kwa tusi, na yule aliyekuchokoza asiguswe, tena ni sahibu yake. Kwa tusi, pole, adhabu umestahiki. Lakini kesi ya sahibu yake hakupaswa kuishika yeye. Hata barazani kwetu Wete, mwenye mdogo wake mezani haamui nani kaficha dhumna.

Wenye Counter-Strike: Global Offensive, mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, walikuwa na utaratibu nnaoupenda, ulioanza 2013, ukiitwa Overwatch. Wachezaji wazoefu walikuwa wakipewa marudio ya mechi wayatazame, jina la mtuhumiwa limefichwa, waamue kama kakosa. Humjui, sasa utampendelea nani?

Mie yangu yalikuwa ya umeme. Ulikatika katikati ya mechi, rauta ya intaneti ikazima, nikahesabiwa nimekimbia mechi, nikafungiwa (na tulikuwa tunaongoza, nikimbie nini?). Nikawaandikia wasimamizi saa ya kukatika na majina ya niliocheza nao. Kesho yake nikafunguliwa.

Kwa hiyo usiwatumie skrinshoti ya mstari mmoja. Msimamizi akifungua anaona tusi lako tu, yale maneno kumi ya kabla yake hayaoni. Omba wasome gumzo lote la mechi hiyo, na alisome msimamizi mwengine. Tusi lako likiri mwanzo wa barua, kabla hawajakutajia wao. Na huyo sahibu wa watu usimtaje kwa ubaya, eleza alichoandika na dakika alipokiandika.