Maswali ya Pasaka: Njoo Jumamosi usiku, simu iache nyumbani

Juma Kuu likikaribia, wanaoniandikia zaidi ni wamisionari: wageni waliotumwa huku Kusini na wa kwetu waliotumwa nje. Tuanze.

Mwalimu, Pasaka mwaka huu ni lini? (Wengi, Mtwara mjini)

Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea Machi 21 au baada yake. Kalenda zinauzwa. Hili nalijibu kwa mara ya mwisho, kama nilivyosema mwaka jana.

Mimi ni Mjerumani, najitolea Ndanda kwa mwaka mmoja. Misa ipi ya Jumapili ya Pasaka ina ngoma na mavazi mazuri, ili nipige picha?

Karibu mwanangu, na hongera kwa Kiswahili. Ila hilo ni swali la mtalii. Watawa Wabenediktini wa kwenu wako Ndanda tangu 1906, na sidhani kama walianza kwa kuulizia ngoma.

Ukija Jumapili asubuhi umechelewa siku tatu. Alhamisi Kuu, baada ya wimbo wa Utukufu, kengele zinanyamaza, vinagongwa vibao vya mbao. Ijumaa Kuu watu wanatembea Njia ya Msalaba kwenye matope ya masika, ndala mkononi, hawajala. Ukitembea nao hatua hizo, hutahitaji kuelezwa kwa nini Jumamosi usiku wanapiga vigelegele vile.

Mkesha ndio wenyewe. Fika kabla moto haujawashwa nje. Utaona kina mama wamekata karatasi za daftari na kuzitoboa katikati, wamechomeka mishumaa midogo ili nta isiwaunguze. Kanisa ni giza tupu. Padri anaimba "Mwanga wa Kristo" mara tatu, moto unapokezana benchi kwa benchi. Masomo ni marefu, watoto wanalala chini juu ya vitenge, waache walale. Kengele za Utukufu zitawaamsha.

Mwaka juzi mgeni mmoja alisimama mbele ya mshumaa wa Pasaka, simu imewaka taa. Bibi aliyekaa karibu nami akanong'ona, "Na huu ni mwanga wa nani?" Na msicheke, vijana wa kwaya, ninyi ndio mliomfundisha.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ni sista, ametumwa Poland. Jumatatu ya Pasaka vijana walimmwagia maji wakacheka. Wanamnyanyasa? (Mama, Lindi)

Marahaba mama. Hapana, wamemkaribisha. Hiyo ni mila yao, wanaiita śmigus-dyngus, na siku hiyo asiyemwagiwa ndiye wa kusikitikiwa. Mwambie tu akae na sweta kavu karibu, Aprili ya kule si ya Lindi.

Mwambie pia Jumamosi Kuu asibaki chumbani. Watu wanapeleka kanisani vikapu vya mayai, mkate, chumvi na soseji vibarikiwe. Abebe na chake. Jumapili ya Matawi asishangae kukosa makuti, minazi haioti kwao. Wanatumia vijiti vya mti wenye vitumba laini kama manyoya ya kifaranga. Watoto wetu wakifika nje hulalamika kwamba Misa za kule ni baridi, hazina vigelegele. Mwaka wa kwanza apokee ya wenyeji, vigelegele atawafundisha mwaka wa pili.

Mimi ni bruda kutoka India, nipo Lindi. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Tuwaalike Pasaka? (Bruda)

Bruda, usipowaalika utakula na nani? Ila mwombe jirani Mwislamu aje achinje mbuzi mwenyewe, mapema, si kumwita baada ya damu kumwagika. Sufuria iwe haijawahi kuona kitimoto. Usitegemee kuisugua, azima kwake.

Kuanzia 2022 mpaka 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani miaka mitatu mfululizo. Waliojua kuishi na watu hawakupika pilau mchana ili harufu ipite madirisha ya waliofunga. Walisubiri, magharibi sinia likavuka ua likawa futari. Na Idd sahani ikija kwenu, isirudi tupu. Weka hata embe. Nimeona misheni moja ikirudisha sahani imeoshwa, inang'aa, haina kitu. Mpaka leo mtaa unaisimulia.

Tuwapake watoto mayai rangi? (Mwalimu wa chekechea, Masasi)

Pakeni. Msiwaambie tu kwamba ni mila ya Wamakonde.

Kijana mmoja kaniahidi uraka wa kusherehekea Pasaka. Ni salama? (Mfanyakazi wa kujitolea, Newala)

Uraka ni pombe ya mabibo, tunda la mkorosho, na mabibo yanaisha Desemba au Januari. Anayekuuzia uraka mwezi wa nne anajua mwenyewe alichokitia ndani. Kunywa soda.