Re: Paulo alikwenda wapi baada ya Dameski?

Shalom mkuu. Kumbe kinachokukwamisha ni kwamba ukisoma Matendo 9 unaona Paulo akiongoka tu anatokea Yerusalemu, ila Wagalatia 1 anasema alikwenda Arabuni kwanza. Angalia Matendo 9:23, pale kwenye "siku nyingi". Mimi safari ya Arabuni naiweka hapo, maana Luka, mwandishi wa Matendo, haitaji kabisa. Paulo mwenyewe anasema alirudi Dameski, na baada ya miaka 3 ndipo akapanda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa (yaani Petro) siku 15.

Kigumu zaidi kwangu ni lile kapu aliloshushwa nalo ukutani alipotoroka Dameski. Luka anasema Wayahudi ndio waliomvizia malangoni. Paulo, 2 Wakorintho 11:32, anamtaja liwali wa mfalme Areta (mfalme wa Wanabatea, Waarabu) kuwa ndiye aliyetaka kumkamata. Naona Wayahudi na liwali walishirikiana.