Mama anasahau, mwanangu ana hasira: je, wote wana sonona?

SWALI: Daktari, baba yangu alifariki mwaka jana. Tangu hapo mama, mwenye miaka 68, analalamika mgongo na kifua, lakini vipimo vya moyo na picha havionyeshi tatizo. Chakula anaonja tu, saa tisa usiku yuko macho, na siku hizi anasahau mambo. Mwanangu wa kidato cha pili naye amekuwa mtu wa hasira, ameacha mpira na alama zimeshuka. Jirani anasema wote wana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Ndugu wanasema mama ni uzee na mtoto ni balehe. Nianzie wapi? – Mama J., Morogoro

JIBU: Pole sana kwa msiba, Mama J. Jirani yako hajakosea kuwaza hivyo. Sonona tuliyoizoea ni ya mtu wa makamo: analia, amekata tamaa, kazi imemshinda. Kwa kijana, mahali pa huzuni mara nyingi hukaa hasira na kuudhika upesi, na katika utambuzi wetu hali hiyo inahesabika kama huzuni yenyewe. Kwa mtoto mdogo zaidi utasikia tumbo au kichwa kinauma kila asubuhi ya shule. Mzee anaweza asiseme kabisa kwamba ana huzuni. Atakuambia mwili unauma.

Usilinganishe mtu na wenzake, mlinganishe na alivyokuwa mwenyewe. Tunatafuta dalili 5 au zaidi kati ya 9, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na mojawapo iwe moyo kuwa mzito au hamu kupotea. Nyingine ni usingizi, kula, uchovu, umakini, kujilaumu, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo. Balehe humfanya kijana abishane na afunge mlango, lakini kwa kawaida haimwondolei raha ya kitu alichokipenda. Kuacha mpira kumenishtua kuliko hizo hasira. Muulize pia, kwa upole, kama kuna anayemwonea shuleni au kama ameanza kutumia kilevi.

Kwa mama yako nitakaa zaidi, kwa sababu wazee ndio tunaowaacha wateseke tukisema ni umri. Majonzi ya kufiwa huja na kupungua. Mfiwa anaweza kucheka akikumbuka vituko vya marehemu, na bado anajiona mtu wa maana. Sonona haipoi hivyo. Humwambia mtu kuwa yeye ni mzigo. Msikilize kama anasema maneno ya namna hiyo.

Kusahau kwake nako kunaweza kutokana na sonona. Mara nyingi kusahau huko huanza ndani ya wiki au miezi, mwenyewe hulalamika, na ukimuuliza jambo hukujibu "sijui" bila hata kujaribu. Maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu huja taratibu zaidi, na mgonjwa huwa anaficha au anabahatisha jibu. Huo ni mwongozo tu, maana mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Ndiyo maana aangaliwe wingi wa damu, sukari, tezi ya thairoidi na, inapowezekana, vitamini B12. Beba dawa zake zote mfukoni, hata za kienyeji. Kama alipewa amitriptyline kwa ajili ya mgongo, itaje mapema: kwa wazee inaweza kuleta kizunguzungu, kuanguka, kuzuia mkojo na hata kuchanganya kumbukumbu. Asiiache ghafla bila kuongea na daktari.

Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha uombe rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Mnaweza kuulizwa maswali ya PHQ-9, dodoso fupi la kupima dalili za sonona, ambalo limeshatumika kwa Kiswahili hapa Tanzania. Alama 10 kwenda juu hutufanya tuchunguze zaidi, hazithibitishi ugonjwa peke yake. Sonona isiyo kali huanza kutibiwa kwa mazungumzo na mnasihi. Dawa zikihitajika, nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa, na kwa kawaida huendelea kwa miezi 6 au zaidi baada ya mtu kupona. Wengi huacha wiki ya pili wakidhani hazifanyi kazi. Mwanao akianzishiwa dawa, majuma ya kwanza mfuatilie kwa karibu sana, kwani kwa vijana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kipindi hicho.

Sala na ziara za ndugu ziendelee pamoja na matibabu. Mtoto asichapwe kwa sababu ya alama. Zungumza na mwalimu wa ushauri na unasihi.

Leo hii, kila mmoja muulize akiwa peke yake: "Umewahi kuwaza kwamba ni afadhali usiwepo, au kujidhuru?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa nyumbani viuatilifu na akiba ya vidonge, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.