Pupa kwenye mlimau: weka wembe chini

Dada wa Muheza, salaam. Umeuliza kama upasue ganda la ile pupa (kiwavi aliyejifunga gandani akigeuka kipepeo) ya kwenye mlimau iliyogeuka nyeusi, ili kipepeo atoke. Usiiguse.

Weusi huo mara nyingi ni mabawa yanayoonekana kupitia ganda. Akiwa mzima atatoka mwenyewe hivi karibuni, aghalabu asubuhi. Mabawa yatakuwa madogo, yamejikunja. Lazima aning'inie asukume maji ya mwilini kwenye mishipa ya mabawa mpaka yanyooke, kisha yakauke. Bawa likikauka limepinda, ndiyo basi, haruki tena. Matone mekundu au ya kahawia utakayoyaona chini yake si damu, ni taka zake tu. Lakini ukiona ganda lina kitundu kidogo cha duara, huenda nyigu walishamla ndani kwa ndani, na hapo huna la kufanya.

Kule Amani, wilayani kwenu Muheza, kuna wanakijiji waliofuga vipepeo na kuuza pupa nje, kabla serikali haijasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Ukipata mmoja wao, muulize. Mikono yao ina uzoefu.

Hilo la kijana wako aliyejifungia tangu matokeo ya kidato cha nne, kwamba "yuko kwenye pupa, tumwache", hapana. Pupa haili wala haihitaji mazungumzo. Yeye anahitaji vyote viwili. Mgongee leo.

Na ile pupa ikianguka, ilaze karibu na kitambaa kilichosimama wima, kipepeo apate pa kupandia.