Refleksolojia: walioianzisha, wanaoifanya, na miguu ya mama mwenye kisukari

Assalaam aleikum.

Ndugu yetu wa Wete ameuliza mambo mawili. La kwanza, tiba hii ya kubonyeza nyayo inayoitwa refleksolojia ilianzishwa na nani. La pili, ambalo naona ndilo linalomkosesha usingizi, ni kama inafaa mama yake mwenye kisukari aendelee kuchuliwa miguu na mtu anayekuja nyumbani na ramani ya wayo na kijiti cha mbao, akiahidi kwamba figo zitapona. Mimi ni mkandaji. Kazi hii niliianza Pemba chini ya mkono wa shangazi yangu, aliyekuwa akikanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, kisha nikaifanya kwa miaka mingi katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, ambako nilisomeshwa refleksolojia pamoja na uchuaji wa kawaida. Naipenda kazi hii, na ndiyo maana sipendi isemewe mambo isiyoyaweza.

Aliyeweka msingi wake alikuwa daktari wa masikio, pua na koo, William Fitzgerald, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1872 na kufanya kazi katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Alichokuwa akikitafuta ni njia ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa aliokuwa akiwapasua pua na koo, na akaona kwamba sehemu fulani za vidole na viganja zikibanwa kwa nguvu, baadhi ya maeneo ya uso huingia ganzi. Kutokana na hayo akaugawa mwili katika kanda kumi za wima, tano kila upande, ambazo kila moja yao inashuka kutoka kichwani hadi kwenye kidole cha mkono na cha mguu. Vifaa vyake vilikuwa vibanio, mipira ya kufungia vidole na vitana vya chuma. Mwaka 1917 yeye na mwenzake Edwin Bowers walitoa kitabu juu ya njia hiyo. Tazameni basi ilikoanzia: kwa daktari wa hospitali aliyetaka ganzi ya muda mfupi. Habari za kusafisha figo na kufungua ini zilikuja kwa wengine, baadaye.

Fitzgerald alimfundisha daktari mwenzake, Joe Shelby Riley, naye Riley akaongeza mistari ya kukata kwa upana juu ya zile kanda za wima. Katika kliniki ya Riley huko Florida ndiko alikofanya kazi mwanamke ambaye, kwa maoni yangu, ndiye mama halisi wa tiba hii, yaani Eunice Ingham, aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1974. Bibi huyu hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa ya viungo, kazi ya mikono, na kwa kuwa alishika miguu ya watu siku baada ya siku aliona kwamba nyayo zinaitikia zaidi kuliko viganja. Akaachana na vibanio na vitana, akatumia kidole gumba. Aliona pia kwamba kubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia, humpa mtu kitu tofauti na ile ganzi ya Fitzgerald, na akachora ramani ya wayo mzima, kila kiungo cha mwili na mahali pake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1938, na baada ya hapo alizunguka Marekani kwa miaka mingi akiwafundisha madaktari, wauguzi na watu wa kawaida. Mpwa wake, Dwight Byers, aliirithi kazi hiyo na kuiendeleza kwa skuli aliyoiweka huko Florida.

Kutoka kwa Ingham mikono ikapokezana. Doreen Bayly alisoma kwake, kisha akaipeleka Uingereza katika miaka ya 1960. Nchini Ujerumani aliyeisimamisha ni Hanne Marquardt. Kwa Asia ya Mashariki yuko padri Mswisi, Josef Eugster, aliyekuwa mmisionari Taiwan. Alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya viungo, akajaribu tiba hii kwa kitabu cha muuguzi mmoja wa kwao, akapata nafuu, akaanza kuwachua watu wa vijijini, na kutoka kwake ikaenea mno katika kisiwa kile. Kijiti cha mbao ambacho ndugu yetu amekiona mkononi mwa yule mtu kinatokana zaidi na mkondo huu wa Asia, ambao hubonyeza kwa nguvu mpaka mtu apige kelele. Ingham alitumia kidole tu.

Mtaambiwa pia kwamba tiba hii ina umri wa miaka elfu nne na zaidi, na ushahidi unaoonyeshwa ni picha ya ukutani katika kaburi la Ankhmahor huko Saqqara, Misri, yenye watu wanaoshikwa mikono na miguu. Picha hiyo ipo kweli. Lakini wataalamu wa mambo ya kale wako waliosema kwamba huenda ni watu wanaokatwa kucha na kutunzwa ngozi, kwa hiyo haitoshi kuithibitisha ramani iliyochorwa Florida katika karne ya ishirini.

Sasa niseme juu ya ramani yenyewe. Hakuna mshipa wala neva inayojulikana kutoka katikati ya wayo kwenda kwenye figo kwa namna ramani inavyodai, na ramani za walimu mbalimbali hazilingani: pahala ambapo mmoja ameweka moyo, mwengine ameweka kitu chengine. Mwaka 2009 profesa Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter alikusanya majaribio 18 yaliyofanywa kwa utaratibu wa kulinganisha makundi ya wagonjwa, na hakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba refleksolojia inatibu ugonjwa wowote. Nilipolisoma hilo halikunivunja moyo, kwa sababu halikanushi ninachokiona kazini: mtu aliyekuja mabega yamempanda hadi masikioni, akichuliwa nyayo kwa utulivu, pumzi zake zinashuka, taya linalegea, na mara nyingi analala kabla sijaufikia mguu wa pili. Wayo una mifupa 26 ndani ya kila mguu, kano nyingi, ngozi yenye hisia kali, na kwa wengi wetu ndiyo sehemu isiyoguswa na mtu yeyote kwa wema tangu utotoni. Raha hiyo ni ya kweli na ina thamani yake. Mwenye kuiuza aiuze kwa jina lake.

Ndiyo maana, mtu akiniuliza mkandaji wa kumwamini anajulikana vipi, sitazami ramani wala cheti kwanza, natazama anafanya nini kabla ya kubonyeza. Shangazi yangu hakuwahi kusikia jina la Ingham. Alimkalisha mtu juu ya mkeka au kigoda, akaiosha miguu mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu na kuikausha kwa kanga, akavipanua vidole kimoja kimoja akitafuta kidonda au ngozi iliyochanika. Kisha aliupitisha mgongo wa mkono wake kutoka kifundoni hadi kwenye kigimbi, mguu wa kulia na wa kushoto, akisikiliza kama mmoja una joto kuliko mwenzake. Mwisho alibonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, akashikilia, akaachia, na kungoja aone kama panabaki shimo la uvimbe. Mafuta ya nazi yalikuwa pembeni muda wote huo hayajafunguliwa. Alikuwa na haki kwa kila hatua: mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye kigimbi, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuuchua kunaweza kuling'oa lile donge likapanda mapafuni. Nilimshuhudia akimkataa mzazi wa siku chache kwa sababu hiyo, na mama mkwe akanuna kwa kuwa maji ya kukandia yalikuwa yameshachemka. Shangazi aliwaambia wampeleke hospitali kwanza, akafunga kanga yake akaondoka.

Mkono wa namna hii upo visiwani kwetu kabla ya hoteli zote. Hamamni, pale Mji Mkongwe, pamejengwa zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, na watu walikwenda kuoga na kukandwa. Wakunga wetu wamekanda wazazi wakati wa arubaini, na masomo, yaani wanawake wanaowafunda mabiharusi, wamewasugua kwa singo na kuwapaka liwa, vizazi na vizazi. Tunapotaja waanzilishi wa tiba za mikono, sioni sababu ya kuwaacha nje wanawake hawa kwa kuwa tu hawakuandika vitabu. Nao vilevile wana mambo ya kurekebisha, khasa maji ya moto kupita kiasi juu ya tumbo la mzazi aliyepasuliwa, jambo ambalo mkunga mwenye busara halifanyi siku hizi.

Nirudi kwa mama. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguu na kupunguza mzunguko wa damu, na tatizo lake kubwa kwa mkandaji ni kwamba mgonjwa hasikii. Mtu mzima wa afya akibonyezwa vibaya atauvuta mguu. Mwenye ganzi atakaa kimya huku ngozi inachubuka, na mchubuko mdogo chini ya kisigino unaweza kuwa donda lisilopona, hata kufikia kukatwa mguu. Kwa hiyo kijiti kwa mama huyu ni hapana kabisa. Maji ya moto ya kulowekea nayo ni hapana, isipokuwa yawe ya uvuguvugu na yapimwe na mtu mwengine kwa kiwiko, kwani yeye mwenyewe hawezi kuyapima kwa mguu. Ikiwa kuna kidonda, malengelenge, wekundu au sehemu yenye joto, asiguswe na mkandaji yeyote, mimi nikiwemo, mpaka aonekane na daktari.

Juu ya figo, naomba nisifiche neno: hakuna kubonyeza kunakoponya figo zilizoathirika na kisukari. Kinachozilinda ni sukari na shinikizo la damu kudhibitiwa, dawa kutumiwa kama zilivyoandikwa, na vipimo vya mkojo na damu kufanywa kwa wakati wake. Umeandika kwamba yule mtu amemshauri mama apunguze vidonge "ili tiba ifanye kazi". Hapo ndipo ningemsimamisha siku hiyohiyo, kwa heshima lakini bila ya kusitasita, hata kama mkono wake ni mzuri. Fitzgerald mwenyewe alikuwa daktari na hakuiacha hospitali. Mimi pia nilipofundishwa refleksolojia, sharti la mwanzo lilikuwa kwamba mkandaji hatoi jina la ugonjwa na hagusi dawa ya mtu. Unaweza kumuuliza pia kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala; anayefanya kazi kwa uwazi haudhiki na swali hilo.

Umesema mama anaipenda ile saa moja, kwamba ndiyo pekee anayocheka mchana kutwa. Usimnyang'anye. Mpeleke kwanza kliniki ya kisukari, umuombe muuguzi amkague miguu na amjaribu hisia za nyayo. Wakiridhika kwamba ngozi ni nzima, mtafutie mwanamke mwenye mkono mwepesi, au mwambie dada yako ajifunze, maana hili la kumtuliza mtu halihitaji chuo. Akae miguuni pa mama, atie mafuta kidogo ya nazi viganjani, ayapashe joto kwa kuyasugua, aushike wayo kwa mikono miwili na kuupapasa kutoka vidoleni kwenda kisiginoni, polepole, bila ya kubonyeza kwa ncha ya kidole na bila ya kupaka mafuta katikati ya vidole, kwani unyevu hapo huleta fangasi. Kila akimaliza, aziangalie nyayo zote mbili kwenye mwanga, na akiona alama mpya hata ndogo, amwambie muuguzi kesho yake asubuhi.